Karagwe au Kyerwa? Kabla ya kununua nyumba, litazame bonde

 

Leo tunaweka kando habari za vidonge na sindano, tuzungumze juu ya nyumba. Wapo watakaosema kuwa nyumba ni jambo la fundi, dalali na mtendaji wa kijiji, si la safu ya afya. Lakini ukikaa nyuma ya meza ya zahanati kwa miaka kadhaa utagundua kuwa wagonjwa wengi wanaorudi kila mwezi wanatoka vitongoji vilevile. Mtoto wa nyumba fulani anakuja na malaria, anapewa mseto, anapona, na baada ya wiki sita yupo tena kwenye foleni. Dawa imefanya kazi yake. Kilichobaki ni mahali anapolala.

Swali ambalo ndugu zetu wa mkoa wa Kagera huniuliza mara kwa mara ni hili: tununue Karagwe au Kyerwa? Kwa msomaji asiyezijua sehemu hizo, wilaya hizi mbili zilikuwa moja mpaka Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Karagwe imebaki na Kayanga, makao makuu yake, pamoja na mji mdogo wa Omurushaka ulioko njia panda. Kutoka Omurushaka barabara inaelekea kaskazini, inapita Nkwenda na Kaisho, mpaka Murongo kwenye mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Kikagati, Uganda. Watu ni walewale, migomba ileile, kahawa ileile, na lugha ya nyumbani ileile. Ndiyo maana mtu akipata fedha kidogo za mavuno anaanza kulinganisha bei: huku kuna lami na mji, kule kuna eneo kubwa kwa fedha hizo hizo.

Nitoe mfano wa familia moja, bila kutaja jina. Mume ni mfanyabiashara wa kahawa na maharage. Ana mke, watoto wanne na mama yake mzazi, jumla watu saba. Alionyeshwa sehemu mbili. Ya kwanza upande wa Karagwe, mwendo mfupi kutoka Omurushaka, nyumba ya tofali za kuchoma iliyokwisha kuezekwa, chini kabisa kwenye ukingo wa bonde. Ya pili upande wa Kyerwa, mbele ya Nkwenda, kibanja kizuri cha migomba na kahawa katikati ya mlima, chenye nyumba ya zamani, kikubwa mara tatu ya kile cha kwanza. Bei zilikaribiana. Aliniuliza: "Tabibu, wilaya ipi ina afya zaidi?"

Ndugu msomaji, swali hilo halina jibu, kwa sababu mbu hajui mpaka wa wilaya. Mlima mmoja wa Karagwe una tofauti kubwa zaidi baina ya kileleni na bondeni kuliko tofauti iliyopo baina ya Karagwe na Kyerwa.

Tuangalie kwanza mafunzo tuliyoachiwa. Bibi Aisha (r.a) amesimulia, na habari hiyo imo katika Sahih Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w) na wahajiri walipofika Madina, mji ule ulikuwa umejaa maradhi kuliko miji mingine. Abubakar na Bilali (r.a) walishikwa na homa kali mpaka wakaikumbuka Makka kwa huzuni. Bibi Aisha anataja jambo ambalo wengi wetu tunalisoma madrasa na kulipita haraka: kwamba bonde la But-han pale Madina lilikuwa likipitisha maji yaliyoharibika. Mtume (s.a.w) aliwaombea dua ili Madina ipendeke na iwe na afya, na homa yake ihamishwe. Tazama jinsi msimulizi alivyoiweka homa na maji mabovu ya bondeni katika habari moja, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya wataalamu kugundua kuwa malaria huenezwa na mbu.

Habari ya pili ni ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a). Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Hii ni tauni ya Amwas, iliyoenea karibu na mwaka wa 18 Hijria. Aliposhauriana na watu na kuamua kurudi, Abu Ubayda (r.a) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Kisha akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na jingine kame: popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari ya Allah. Basi yule anayesema "kila kitu kimeandikwa, nitanunua popote" amesahau kuwa hata mchunga ngamia hutazama upande wenye majani.

Sasa turudi Karagwe na Kyerwa. Nchi hii ni ya matuta marefu ya milima yaliyolala sambamba, na katikati ya matuta kuna mabonde yenye mafunjo, vijito na vidimbwi. Juu kuna upepo na baridi, chini kuna joto na maji yaliyotuama. Mbu wa malaria anataka vyote viwili, joto na maji. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, mkoa wa Kagera ulikutwa na maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano yapatayo asilimia 18, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 8. Ni Tabora na Mtwara tu waliotangulia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuishi milimani kunakinga. Kunapunguza, na wakati mwingine kunapunguza sana, lakini chandarua ni lazima juu na chini.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi hawalijui. Mtu akiona bonde limesafishwa mafunjo na kulimwa viazi au mboga, hufurahi akidhani mbu wameondoka. Uchunguzi uliofanyika Kabale, hapo jirani nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kinyume. Vijiji vilivyopakana na mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vile vilivyopakana na mafunjo ya asili, na hatari ya malaria huko ilielekea kuwa kubwa zaidi. Mafunjo hufunika maji na kuyaweka baridi. Ukiyafyeka, jua linapiga kwenye vidimbwi vya matuta na nyayo za ng'ombe, na hapo ndipo mbu hutaga kwa raha. Hivyo ukionyeshwa nyumba iliyotazamana na bonde lililolimwa, usiseme "hapa pamekuwa pasafi". Uliza watoto wanaumwa mara ngapi.

Na wa kumuuliza si dalali. Nenda zahanati iliyo karibu na kiwanja. Mfawidhi hatakuonyesha majina ya wagonjwa, na hana ruhusa ya kufanya hivyo, lakini anaijua hali ya eneo lake kutokana na vitabu vya MTUHA anavyojaza kila siku. Muulize kitongoji hiki kinaleta nini zaidi: malaria, kuhara, homa ya matumbo, kichocho, funza? Atakujibu kwa dakika tano, na dakika hizo ni bora kuliko siku nzima ya kuzungushwa na dalali.

Ama kuhusu maji, hapa nitakaa zaidi, maana nyumba ya Muislamu ni nyumba ya maji. Tuna udhu mara tano, tuna istinjaa, tuna josho la janaba, na bado hatujapika wala kufua. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Kwa familia yetu ya watu saba hiyo ni lita 175, yaani madumu tisa ya lita 20 kila siku iendayo kwa Mungu. Sasa jiulize ni nani atakayeyabeba. Yule mume hakuwa amejiuliza. Alikuwa amepima kibanja kwa hatua, amehesabu mikungu ya ndizi na mibuni, lakini hakuwa amemchukua mkewe kwenda kuona. Mke alipofika kule mlimani mbele ya Nkwenda hakutazama migomba. Aliomba aonyeshwe chemchemi. Ilikuwa chini, mteremko wa karibu nusu saa kwenda, na kurudi na dumu kichwani ni zaidi ya hapo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanaume aliyekuwa amelifikiria: mwezi wa nane inatoka?

Siri ya nchi hii ni hiyo. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Desemba kila kitu ni kijani na kila bonde lina maji. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo ukweli hujitokeza. Ukitaka kununua, itazame sehemu mara mbili: mara moja wakati wa mvua kubwa, uone maji yanapita wapi na kama choo kinafurika, na mara ya pili mwezi wa nane, uone foleni ya madumu. Muuzaji anayekuharakisha umalize kabla ya kiangazi, mshuku.

Hapa nataka kusahihisha jambo ambalo sisi tuliosoma fiqhi tunalichanganya. Tumefundishwa kwamba maji yakifikia kulatein, kiasi cha lita mia mbili hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu yake havikubadilika. Hiyo ni hukumu ya twahara na ni sahihi kwa ibada. Lakini hukumu hiyo haikusema kuwa maji hayo ni salama kwa kunywa. Vijidudu vya homa ya matumbo na kuhara havibadilishi rangi, havina ladha wala harufu. Kisima kinaweza kuwa kimejaa, cheupe kama kioo, udhu wake umetimia, na bado kikawalaza watoto wote. Tawadha kwayo, lakini ya kunywa yachemshe mpaka yatokote au yatie dawa ya klorini.

Visababishi vya uchafu huo vingi viko ndani ya kiwanja chenyewe. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Sasa fikiria ile nyumba ya Omurushaka iliyoko ukingoni mwa bonde. Ukichimba mita mbili unakutana na maji. Shimo la choo la pale haliwezi kuwa refu, na wakati wa masika kinachomo ndani kinaelea na kwenda kisimani kwa jirani. Hilo hulitibu kwa rangi wala kwa vigae. Halafu usisahau kuuliza makaburi yako wapi. Katika sehemu hizi familia nyingi huzika kwenye kibanja, na mnunuzi mgeni anaweza kuchimba kisima mahali asipopaswa kwa sababu kaburi la zamani halina alama.

Wazee wetu waliishi na mizani hiyohiyo ya mlima na bonde. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara Waarabu, miongoni mwao Hamed bin Ibrahim, wamefanya makazi yao Kafuro, kwenye bonde refu penye chemchemi, wakati mfalme Rumanyika alikaa juu akitazama ziwa. Mfanyabiashara alifuata maji na njia ya misafara. Mfalme alikuwa na watu wa kumpandishia maji. Wewe, ndugu msomaji, huna watu hao. Una mke na binti.

Basi mlimani ni bora? Si lazima. Mlimani maji yanaweza kuletwa kwa akili. Paa la mabati la mita za mraba 60, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, linakupa lita 48,000 kwa mwaka. Tanki la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Mei, na familia ya watu saba ikatumia lita 35 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, litafika Oktoba. Ya kufulia na kuogea mtaendelea kuyateka, lakini mzigo umepungua sana na maji ya kunywa hayatoki tena kwenye kidimbwi. Kwa maoni yangu, mwenye fedha za uzio au za tanki, si zote mbili, anunue tanki.

Jambo ambalo tanki haliwezi kulileta ni hospitali. Nilimuuliza yule mke kuhusu uzazi wake. Mtoto wa nne alizaliwa kwa upasuaji, na walikuwa wanatarajia kuzaa tena. Mama mwenye kovu la upasuaji akipata uchungu hatakiwi kuwa mbali na mahali pa kupasuliwa, kwa sababu kizazi kinaweza kuchanika, na kutokwa damu kwa wingi kunaua ndani ya saa chache. Upande wa Karagwe kuna hospitali ya Nyakahanga, isiyo mbali na Kayanga na Omurushaka. Upande wa Kyerwa kuna hospitali ya Isingiro, na tangu mwaka 2017 vituo vya afya vingi nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji. Lakini jengo si huduma. Kauliza wewe mwenyewe: usiku yupo wa kupasua? Damu ipo? Gari la wagonjwa lipo na lina mafuta? Kisha safiri njia hiyo kwa bodaboda kutoka kwenye kiwanja, siku ya mvua, baada ya Isha. Ikiwa wewe mzima umefika umechoka na umejaa tope, mwenye uchungu atafikaje?

Msomaji ameshaona mizani ilivyo. Nyumba ya bondeni ina hospitali jirani, ila ina mbu na choo kisichotengenezeka. Kibanja cha mlimani kina hewa na nafasi, ila maji yako mbali na hospitali ni mbali zaidi. Mimi hupima hivi: kuna kasoro zinazoondoka kwa fedha na kasoro zisizoondoka kwa fedha yoyote. Nyumba mbovu hujengwa upya. Sakafu ya udongo yenye funza husakafiwa. Jiko la kuni linalowatia kikohozi watoto hutolewa nje na kutengenezewa njia ya moshi. Dirisha huwekewa wavu. Lakini maji ya ardhini huyashushi, na Nkwenda huisogezi. Kwa mtazamo huo, sehemu zote mbili alizoonyeshwa zilikuwa na kasoro moja isiyoondoka, na nilimwambia asinunue yoyote. Nilimshauri atafute kiwanja kidogo, hata nusu ya ule wa bondeni, upande huohuo wa Omurushaka lakini apande juu ya mteremko, hata kama nyumba yake haijaisha. Lau mkewe angekuwa amemaliza kuzaa, au amejifungua kawaida mara zote, ningemwambia achukue kibanja cha Nkwenda na aanze na tanki. Kwa mama mzee wa miaka sabini mwenye presha, hesabu inarudi tena kwenye ukaribu wa zahanati. Kila familia ina mgonjwa wake, na nyumba hununuliwa kwa ajili yake kwanza.

Wapo waliosema afadhali kuihama Kagera kabisa, hasa baada ya ugonjwa wa Marburg kutokea Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Yote miwili ilidhibitiwa, na haikuwa katika wilaya hizi mbili. Mtume (s.a.w) ametufundisha kutoingia penye tauni na kutotoka kwa kuikimbia, na hilo ndilo madaktari wanalolifanya leo. Kununua nyumba kwa hofu ya maradhi yaliyokwisha, huku ukidharau malaria ambayo ipo kila siku, si hesabu nzuri.

Kama kiwanja kiko karibu na machimbo ya bati, maana Kyerwa imechimbwa bati tangu enzi za Waingereza, tembea eneo lote uone mashimo yaliyoachwa wazi. Hujaa maji, huzaa mbu, na mtoto huweza kutumbukia. Na nyumba ya zamani, ya wilaya yoyote, itazame kuta kwa makini. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi mkoani na kuacha nyufa ambazo wengine wamezipaka lipu juu.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, hivyo nyumba ya bondeni inaweza kukuletea hasara hata kama hujawahi kuumwa. Ardhi ya kijiji ipitie halmashauri ya kijiji. Kibanja cha ukoo usikinunue kwa mtu mmoja faraghani. Ukoo ujue, na mke wa muuzaji aridhie, maana kumtoa mjane na watoto kwenye nyumba waliyodhani ni yao ni dhulma hata kama una stakabadhi. Majirani nao wajulikane kabla, na msikiti na madrasa viwe mahali ambapo mtoto wa miaka saba anaweza kutembea mwenyewe akarudi kabla ya giza.

Ukishahamia, wiki ya kwanza fanya haya kabla ya kupanga makochi: funga vyandarua vitanda vyote, safisha tanki kwa klorini na ulimwage maji ya kwanza ya mvua yaliyoosha paa, weka dumu la maji tiririka na sabuni mlangoni mwa choo, na mpeleke mkeo akajiandikishe kliniki ya hapo hata kama bado hana mimba, apajue mahali na wamjue.